Kitanda Namba Ishirini na Tano

Chama chetu kilipata wimbo kabla ya kupata wanachama. Aliutunga Chenge, muuguzi mwenzangu wa wodi ya wanaume, una beti sita, na ndani ya beti hizo neno "upendo" nimelihesabu mara kumi na tisa. Tulipata pia rangi ya kitenge, baada ya kikao kilichochukua saa tatu, ambamo watu wa bluu na watu wa kijani nusura wanuniane mpaka Krismasi. Kitu kimoja tu hatukukipata: wauguzi kumi wenye leseni, wakae mahali pamoja siku moja, waikubali katiba na kusaini. Kumi tu. Huku Mkolani ukichinja kuku bila kumwambia mtu, watu kumi wanakukuta mezani.

Aliyekuwa na haja na chama hiki hasa alikuwa Sista Evelina. Huyu ni mama wa miaka arobaini na tisa, hacheki ovyo, na siku zake za ofu, wakati wenzake tunalala mpaka jua linatuona aibu, yeye alikuwa anabeba mkoba wake wa bandeji na kupanda mawe ya Mkolani na Kiseke kuwahudumia wazee kumi na mmoja waliopigana vita vya Kagera. Wazee wale hospitali hawaji. Mmoja atakwambia ni goti, mwingine atakwambia ni foleni, na wa tatu atakwambia yeye alitembea kwa miguu mpaka Kampala na silaha begani, kwa hiyo hawezi kubabaishwa na kidonda. Basi Evelina akawafuata. Baadaye nikaanza kumsindikiza, na wenzetu wengine wakafuata.

Ndipo ikaja barua kutoka ofisi ya utawala wa hospitali. Ilikuwa barua yenye adabu, na kibaya zaidi ilikuwa na haki. Ilisema muuguzi hawezi kuzunguka majumbani akitibu watu kwa jina lake mwenyewe, maana likitokea la kutokea nani atajibu. Kama wauguzi wana nia hiyo, waunde chama cha kitaaluma chenye mwongozo na viongozi. Evelina akileta karatasi yenye muhuri kuonyesha maombi ya usajili yamepokelewa, ataendelea na wazee wake. Mwisho Ijumaa ya mwisho ya mwezi unaofuata, saa tisa na nusu. Asipoleta, aache.

"Watu kumi tu wanatakiwa," Evelina aliniambia. "Nathaniel, tutakosa watu kumi?"

"Hatutakosa, sista."

Nilikuwa bado kijana mdogo wakati ule. Ilikuwa wiki tano zilizopita.

Kikao cha kwanza kililiwa na jina. Kikao cha pili kikaliwa na kitenge. Kwa kikao cha tatu Evelina akaona amfuate Metroni Bernadeta, mkuu wetu wa wauguzi, mwanamke aliyewafundisha nusu yetu kushika sindano, na nusu nyingine akawafundisha kuogopa. Akamwomba awe mwanachama mwanzilishi.

"Mimi mwanachama hapana," metroni alisema. "Mimi nitakuwa mlezi."

Mlezi, wakati mtoto mwenyewe hajazaliwa. Hilo nililisema moyoni, kwa sababu nina akili.

"Na jambo lingine, Evelina. Chama cha kitaaluma hakizaliwi uchochoroni kama paka. Kuna itifaki. Tafuteni mgeni rasmi."

Ukisikia neno hilo, ujue siku imekwenda. Kwetu hata kisima hakiruhusiwi kutoa maji mpaka mgeni rasmi akate utepe. Watu wanasimama na ndoo wanakiangalia. Lakini metroni akishasema amesema. Tukampata meja mmoja mstaafu anayefuga ng'ombe upande wa Bujora, mzee mstaarabu, akakubali kuja Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa kanisa pale Mkolani.

Jumamosi ilipofika, wauguzi tukawa kumi na watatu, bila kumhesabu metroni. Sijawahi kuona baraka kama ile. Saa nne kasorobo Evelina alikuwa ameshapanga katiba mezani, kalamu juu yake, uso wake umelainika kidogo. Kama tungesaini dakika ile, hadithi hii ingeishia hapa na mimi ningekuwa nimelala.

Lakini nje nikasikia mtu anaita, "Kruta."

Ni mimi huyo. Mzee Mashimba, koplo mstaafu, hajawahi kuniita jina langu. Kwake yeye mtu yeyote aliyezaliwa baada ya vita ni kruta, hata awe askofu. Alikuwa mlangoni na fimbo mbili na wazee wanane nyuma yake, wote wamevaa makoti ya kitambo yaliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Mzee huyu anaishi juu kabisa kwenye mawe, ngazi themanini na nne kutoka barabarani, na ana kidonda kwenye ugoko wa kushoto ambacho kwa miaka miwili kinafunga na kufunguka kama duka. Wiki ile kilikuwa kinafunga. Evelina alikuwa anakisafisha kila baada ya siku moja, na kilikuwa kimebaki ukubwa wa kizibo cha soda.

"Shikamoo mzee. Umeshukaje na mguu huo?"

"Marahaba. Nimeshuka kwa mguu huu. Nimesikia Meja anakuja."

"Anakuja kwa ajili ya wauguzi, mzee."

"Wauguzi wa nani?"

"Wenu."

"Basi amekuja kwa ajili yetu. Toka mlangoni."

Wakaingia, wakajipanga ukutani mstari mmoja, wakasimama. Tukawaletea viti. Hakuna aliyekaa.

"Afande hajafika, nakaaje?" Mashimba alisema.

"Mzee, umestaafu tangu mwaka tisini na mbili."

"Uliniona nikistaafu?"

Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Evelina akamsogelea metroni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Tuanze sisi kwa sisi, tusaini, mgeni akija atakuta tuko kwenye mengineyo."

"Na tukisaini, yeye atazindua nini?" metroni akauliza. "Subira, mwanangu."

Saa sita simu ya Meja ikapatikana. Ng'ombe wake mmoja alikuwa anazaa na ndama amekaa vibaya. Yuko njiani, anaomba radhi. Chenge akapendekeza tuimbe wimbo kupoteza muda. Tuliimba. Beti zote sita.

Saa saba kamili wauguzi wanne wakainuka. Walikuwa na zamu ya jioni, inayoanza saa nane, na kuchelewa zamu kwa Metroni Bernadeta ni heri uchelewe mazishi ya baba yako. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia, "Nendeni, wagonjwa hawasubiri." Evelina alisimama mlangoni amewanyooshea kalamu, na Suzana, aliyekuwa wa mwisho kutoka, akamwambia, "Sista, nisaini kitu gani, katiba haijasomwa?" Akaondoka. Ilikuwa kweli, na ukweli wa namna hiyo ndio unaochosha.

Meja alifika saa saba na dakika ishirini, suruali ina damu ya uzazi wa ng'ombe, akiwa na furaha ya mtu aliyepata ndama jike. Wazee wakapiga saluti. Akazungumza dakika arobaini. Alituvusha mto, akatupandisha milima, akatulaza mahandakini, na alipokuwa anakaribia Kampala mimi nilikuwa nahesabu vichwa. Nilihesabu mara tatu. Wauguzi wenye leseni waliobaki ukumbini, ukimwondoa metroni ambaye ni mlezi, walikuwa tisa.

Evelina naye alikuwa haangalii vichwa. Alikuwa anaangalia suruali ya Mzee Mashimba, mguu wa kushoto, ambao ulikuwa umelowa kuanzia chini ya goti mpaka kwenye kiatu. Kwa zaidi ya saa tatu na nusu alikuwa amesimama wima juu ya kile kidonda. Evelina akavuka ukumbi mzima Meja akiwa anaongea, akapiga magoti mbele ya mzee, akaipandisha suruali. Kizibo cha soda kilikuwa kimekuwa kisahani cha chai.

"Kaa chini, mzee."

"Afande anazungumza."

"Afande," Evelina akageuka, "mwambie akae."

Meja akakatiza hotuba. "Koplo, kaa."

Akakaa. Kumbe lilikuwa neno moja tu.

Njiani tukirudi Evelina alinitangulia mpaka kwenye kona ya mashine ya kusaga. Hapo akasimama. "Nathaniel, kidonda kile sasa kinataka kusafishwa kila siku. Kila siku, sio kila mkijisikia. Ijumaa saa tisa na nusu nikikosa ile karatasi, Jumamosi asubuhi nani anakipandia?"

"Tutawaita tena, sista."

"Waite basi. Uwapakie kwenye gunia."

Niliwaita. Jumatatu waliokuwa ofu walikuwa wanne. Jumanne Sabina, mwenzetu mwingine, akasafiri msibani Magu, akarudi Jumatano, na Jumatano hiyo hiyo watatu wakaingia zamu ya usiku. Nilitengeneza jedwali kwa rangi. Niliona kwa macho yangu kwamba katika wiki nzima hakuna hata saa moja ambayo wauguzi kumi wa hospitali yetu wako huru pamoja. Ukimwamsha huyu, yule analala. Ukimpata yule, huyu yuko kanisani. Tumepangwa tusionane, kama jua na mwezi, na hiyo ndiyo kazi yenyewe: muuguzi mmoja akitoka, mwingine aingie.

Kisha nikaona kwamba nilikuwa natafuta saa ya watu walio huru, na sisi huwa hatukutani tukiwa huru. Tunakutana saa moja na nusu asubuhi, zamu ya usiku inapomkabidhi kila mgonjwa kwa zamu ya mchana. Pale hakuna anayechelewa, hakuna anayeondoka katikati, wala hakuna anayeuliza mgeni rasmi yuko wapi. Na kila Ijumaa metroni mwenyewe huja kusimamia.

Ijumaa ile nilikuwa namalizia zamu ya usiku, mimi na Suzana. Kulipopambazuka, wagonjwa wote wakiwa wameshaoshwa na kupimwa, nikachukua kitabu cha ripoti, na chini ya taarifa za kitanda namba ishirini na nne nikaandika mistari michache. Suzana alisoma akichungulia juu ya bega langu.

"Metroni atakuua," akasema.

"Akiniua ataandika ripoti."

Saa moja na nusu zamu ya mchana ikaingia: Evelina, Chenge, Sabina na wenzao watatu. Maige wa wodi ya jirani naye akatokea, kama anavyotokea kila siku ya Mungu, kuazima mashine yetu ya presha. Metroni akaja na miwani yake na kikombe cha chai ambacho huwa hakinywi. Tukaanza kitanda cha kwanza. Nilisoma kila mgonjwa kama ilivyopasa, bila utani, maana mgonjwa ni mgonjwa: huyu amelala vizuri, huyu homa imeshuka, huyu dripu yake imekwisha saa kumi na moja. Kila kitanda metroni anauliza, "Nani anapokea?" na mmoja wa mchana anajibu, "Napokea." Tukafika ishirini na nne, pale dirishani.

"Haya," metroni akasema. "Kazi njema."

"Bado mmoja, metroni."

"Wodi hii ina vitanda ishirini na vinne."

"Ndiyo. Huyu amelazwa kitabuni."

Nikasoma kabla sauti haijanikimbia. "Kitanda namba ishirini na tano. Jina, Chama cha Wauguzi wa Askari Wastaafu. Umri, wiki tano, hajazaliwa. Tatizo, uchungu umekuwa mrefu. Matibabu aliyopata, vikao vitatu, wimbo mmoja na hotuba. Maendeleo, hakuna. Mpango, azaliwe leo kabla ya saa tisa na nusu, la sivyo tutampoteza."

Mzee wa kitanda cha ishirini na nne akajiinua kwa kiwiko. "Huyo mgonjwa ana ndugu?"

"Kumi na mmoja, mzee. Wote askari."

"Mungu amsaidie," akasema, akajilaza.

Metroni akanyoosha mkono, nikampa kitabu. Akasoma taratibu, kisha akarudia, midomo imekaza.

"Nathaniel. Hiki ni kitabu cha ripoti."

"Ndiyo, metroni."

"Umeandika kwa kalamu."

"Nyeusi, kama ulivyotufundisha."

Hapo ndipo alipoliona shimo, na aliyelichimba ni yeye. Kwa Metroni Bernadeta, ukurasa wa kitabu cha ripoti hauchanwi. Neno lililoandikwa halifutwi. Mwaka juzi Chenge alitumia rangi nyeupe ya kufutia, akaandikishwa maelezo kurasa tatu. Na zamu haijaisha mpaka kila kilichomo kitabuni kimekabidhiwa na kupokelewa kwa saini. Hiyo sheria ametuimbia miaka yote. Kuna siku alituzuia mpaka saa nne kwa sababu ya mstari mmoja usiokuwa na saini.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini, "Nani anapokea?"

"Napokea," Evelina akasema. Alikuwa ameshika reli ya kitanda kwa mikono yote miwili.

"Mgonjwa hapokelewi bila kujua hali yake. Katiba iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni mwangu tangu Jumamosi, imekunjamana kama shuka ya mgonjwa wa malaria. Nikaanza kusoma. Ibara ya kwanza, jina.

"Kuna mabadiliko?" metroni akauliza.

"Hakuna mabadiliko," wakajibu wote, kama wanavyojibu kila asubuhi.

Ibara ya pili, malengo. Hakuna mabadiliko. Ibara ya tatu, mwongozo wa kumhudumia mgonjwa nyumbani. Hapa metroni akatusimamisha, akaongeza kwamba muuguzi asiende peke yake na kila atakachofanya akiandike. Tukaongeza. Ibara ya saba, sare. Chenge akafungua mdomo.

"Chenge," Sabina akamwambia bila kumwangalia, "ukitaja kitenge nakuwekea mpira wa mkojo."

Chenge akafunga mdomo. Ibara ya saba ikapita.

"Mwenyekiti?" metroni akauliza.

"Sista Evelina," Suzana akasema, na wengine wakaitikia.

"Mimi sitaki uenyekiti," Evelina akasema. "Nataka karatasi."

"Sikuuliza nani anataka. Nimeuliza nani anapokea."

Evelina akanywea. "Napokea."

Wakasaini mmoja mmoja, karatasi ikiwa juu ya trei ya dawa. Maige akasema yeye amefuata mashine ya presha tu. Suzana akaikumbatia mashine kifuani. "Saini kwanza." Akasaini. Mambo yaliyotushinda wiki tano yalichukua dakika kumi na mbili, na bado dawa za saa mbili zilitoka saa mbili.

Nikahesabu. Usiku wawili, mchana sita, Maige mmoja. Tisa. Nikahesabu tena, nikaona namba ile ile ya Jumamosi inanitazama. Evelina aliangalia karatasi, halafu akaangalia sakafu, na nadhani hapo nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa amechoka kweli, uchovu ambao haumalizwi na usingizi.

"Hapa mna wangapi?" metroni akauliza.

"Tisa, metroni," nikasema.

"Na wanatakiwa?"

"Kumi. Na mlezi hahesabiwi."

Akaigongagonga trei ya dawa kwa kidole. Nje magari ya kwenda Buhongwa yalikuwa yanapiga honi. Mimi najua alichokuwa anapima. Mlezi anakaa meza ya mbele na ua kifuani. Mwanachama namba kumi anapangiwa zamu ya kupanda ngazi themanini na nne.

"Miaka thelathini na moja," akasema, "sijaacha mgonjwa katikati ya zamu mbili." Akachukua kalamu. Aliandika jina lake lote, na la baba yake, na namba ya leseni, kwa mwandiko wa shule ya zamani. "Mlezi mtatafuta mwingine. Na wewe, Nathaniel, kwa kuchezea kitabu, zamu tatu za usiku za nyongeza, na maelezo ya maandishi. Kurasa tatu."

"Ndiyo, metroni."

"Nne."

Evelina hakuweza kuondoka zamu, kwa hiyo faili nikalipeleka mimi ofisi ya usajili, na usingizi wangu. Karani alisoma muhtasari kwa kidole.

"Mahali pa mkutano, wodi ya wanaume?"

"Ndiyo."

"Mlikuwa mnaumwa?"

"Sana."

Akaniangalia. Akaendelea. Akataka nakala mbili, nilikuwa na moja. Nikatoka kutafuta kopi, umeme ukakatika, nikavuka mtaa kwenda kwa mzee Jitesh mwenye jenereta, nikarudi, karani kaenda kula. Alirudi saa nane, akahesabu majina kumi, akahesabu tena kama asiyeamini, akagonga muhuri. Niliomba aongeze mwingine, ule wa kwanza ulikuwa umefifia upande mmoja. Akagonga na wa pili, akasema nisirudi.

Saa kumi jioni, barua ya utawala ikiwa imeshajibiwa kabla ya saa tisa na nusu na nakala yenye muhuri iko kwenye mkoba wake, tulipanda mawe. Mzee Mashimba alikuwa kwenye kigoda mlangoni, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaangalia ziwa kwa mbali kama mtu anayelidai maelezo.

"Mmechelewa," akasema.

"Tumetoka kuunda chama, mzee," Evelina akajibu, anavaa glovu. "Sasa tuko kumi. Kuanzia kesho watakuja kwa zamu, wawili wawili, kila siku mpaka kifunge."

"Kumi kwa mguu mmoja?"

"Na kwa wenzako kumi."

"Kesho nani?"

"Maige na Sabina."

"Maige simtaki. Ana mikono ya baridi."

"Jumapili atakuja Metroni Bernadeta mwenyewe."

Mzee akafikiri. "Huyo ana cheo gani?"

"Mwanachama, kama Maige," nikasema.

"Basi Maige na aje, lakini apashe mikono kwanza. Mwandike hiyo kwenye katiba yenu."

"Katiba imeshapita, mzee," Evelina akasema, akafungua bandeji ya jana. "Nyoosha mguu."

Akaunyoosha. Kidonda kilikuwa bado kikubwa, chekundu pembeni, lakini katikati kilikuwa safi. Evelina akakiinamia, akaanza kukisafisha kutoka katikati kwenda nje, na mimi nikachukua daftari jipya la chama nikaandika tarehe.